Mpaka wa Bi Tamasha

Wanangu, aliye na kigingi mkononi akiweke chini kwanza. Aliyekwenda kuazima kamba ya kupimia airudishe kwa mwenyewe, kisha aje akae. Nina habari za mama mmoja aliyefika nchi ya Hapapangu. Nchi hiyo hamtaiona kwenye ramani ya darasani hata mkiitafuta siku nzima, lakini njia ya kwendea huko inaanzia kwenye ua wa kila nyumba, na ndiyo maana moyo wangu hautulii nikiwaona mnanong'ona kando ya ua.

Mama huyo aliitwa Anandumi. Alikuwa mjane wa huku kwetu mlimani, mwenye kihamba chake cha migomba kilichoizunguka nyumba, na mtoto wa kiume mmoja, Elisaria, mtu mzima mwenye mke. Binti yake, Ndeskoi, alikuwa ameolewa mbali, hukohuko Hapapangu, na bwana mpole aitwaye Gwandu.

Sasa, chini ya kihamba cha Anandumi palipita mfereji wa maji, na ng'ambo ya mfereji aliishi Mama Kundaeli. Kati yao palikuwa na mstari wa masale, yale majani marefu ambayo babu zetu waliyapanda kwenye kila mpaka. Masika ya mwaka ule yaliula ukingo wa mfereji, masale mawili yakaanguka, Mama Kundaeli akayapanda upya. Anandumi akasema ameyasogeza. Mama Kundaeli akasema ameyarudisha palepale yalipokuwa. Tofauti yenyewe ilikuwa upana wa kiganja, tena kiganja cha mwanamke. Na hawa hawakuwa wageni. Elisaria alipokuwa mchanga, mama yake akalazwa na homa, aliyemnyonyesha wiki mbili ni huyohuyo Mama Kundaeli. Lakini kiganja kilipoingia kati, salamu zikakatika.

Ikaja habari kwamba Ndeskoi amejifungua mtoto wa kike. Kwetu binti akijifungua, mama yake ndiye wa kumlea: miezi mitatu asishike jembe wala kuni, ale mtori na samli mpaka mashavu yang'ae. Anandumi akafunga ndizi zake za mtori, akafunga kibuyu cha samli, akamgeukia Elisaria mlangoni.

"Mimi nikiwa huko, wewe usilale. Nenda baraza la ardhi ukafungue shauri. Nikirudi nikute kiganja changu kimerudi."

"Mama, kwa kiganja tu?"

"Leo kiganja, kesho mkono mzima. Nenda."

Akatoka, akakata njia kupitia uani kwa Mama Kundaeli kama alivyozoea miaka yote, maana hiyo ndiyo njia ya mkato ya kwenda barabarani. Hakusalimia mtu.

Ya njiani hayana maana. Alikwenda, akafika.

Mlangoni mwa Hapapangu alikuta beseni la maji, kiti, na bwana mmoja mwenye aproni aliyemwomba kwa adabu anyanyue miguu.

"Kuna nini?" Anandumi akauliza.

"Udongo, mama. Hatuwezi kukuruhusu uingie na ardhi ya mtu miguuni. Huu ni wa nani?"

"Ni wangu. Wa kwangu nyumbani."

"Wote?"

Anandumi akakumbuka ule ua aliokatiza asubuhi bila kusalimia. "Wote," akasema, na shingo ikamwasha.

Bwana yule akaukwangua udongo taratibu, mguu wa kulia na wa kushoto, akaufunga kwenye karatasi, akaandika jina. "Utaukuta hapahapa siku ya kuondoka. Hatujawahi kumpotezea mtu hata chembe."

Na kweli, watu wa Hapapangu ni waaminifu, sitaki mdhani nawasema vibaya. Hawaibi, hawatukani, hawapigani. Kwenye kila mpaka wa nyumba na nyumba kuna beseni, na mtu akitoka kwake kwenda kwa mwenzake huosha miguu, ili asimchukulie mwenzake ardhi wala asimwachie yake. Ndiyo maana hawatembeleani sana. Ni kazi.

Kivuli nacho kina mwenyewe. Mti wako ukitupa kivuli uani kwa jirani, kile kivuli ni chako, na jirani akikaa ndani yake amekaa kwako bila hodi. Anandumi aliwaona wazee wawili wameketi juani, majasho yanawatiririka, kila mmoja akitazama kivuli kizuri cha mwembe wa mwenziwe pembeni mwa kiti chake. Saa sita mchana tu ndipo vivuli vyote hurudi kwa wenyewe na kulala chini ya miti yao. Basi saa hiyo ndiyo waliyoiruhusu iwe ya kuongea. Watu wote hutoka mipakani kusalimiana, na jua likiinama kidogo, huagana haraka wakaingia ndani.

Salamu yao iko hivi:

"Shauri lako halijambo?"

"Halijambo, linakua. La kwako?"

"Limepanda rufaa, tunashukuru."

Anandumi aliposalimiwa hivyo mara ya kwanza akajibu kwamba hana shauri. Mama aliyemsalimia akamshika mkono kwa huruma. "Pole, mwenzangu. Usikate tamaa. Kuna waliolipata uzeeni."

Ile huruma ikamchoma Anandumi. "Ninalo moja," akasema. "Dogo tu. La mfereji."

"Ee! Hongera!" Akaletewa kiti, akaletewa maji ya kunywa, watu wakataka kujua lina umri gani. Na Anandumi, wanangu, akajisikia mtu. Alikaa kwenye kile kiti akaeleza habari za kiganja chake kama anayeeleza mtoto aliyefaulu mtihani.

Alipomaliza akaulizia kwa Gwandu. Wote wakageuka kumtazama kwa heshima mpya.

"Wewe ni mama mkwe wa Gwandu? Gwandu wa Shauri Kubwa?"

Wakampeleka akalione.

Kati ya nyumba mbili palikuwa na uwanja mpana uliozungushiwa kamba nyekundu, umejaa magugu ya kufika kifuani. Ndani ya magugu paliinuka paa la jiko lililoporomoka, na mbele kidogo kisima kilichofunikwa na mbigili. Katikati kabisa lilisimama sale moja, na kwenye jani lake la katikati kilifungwa kibati chenye namba. Ng'ambo, mbali, ndiyo nyumba ya Gwandu, na nyuma yake korongo lisilovukika. Upande wa huku alisimama kikongwe mwembamba, kilemba cha zambarau, mikono kiunoni.

"Mimi ndiye mdai," kikongwe akasema. "Naitwa Bi Tamasha. Karibu kwenye shauri."

Lilikuwa na miaka sita. Kuku wa Bi Tamasha aliparua chini ya lile sale likaanguka, Gwandu akalipanda, Bi Tamasha akaona limeingia kwake upana wa kidole. Wakaenda barazani. Sheria ya Hapapangu inasema eneo lenye mgogoro lisikanyagwe na mtu mpaka uamuzi utoke. Inasema tena kwamba kila kikao kinapokaa, eneo liongezwe hatua moja huku na hatua moja kule, ili shauri lipate pa kupumulia. Vikao vilikuwa vimekaa ishirini na sita. Shauri lilikuwa limemeza jiko la Bi Tamasha, likameza kisima cha Gwandu, na sasa lilikuwa limefika kwenye baraza la nyumba yake. Wadaawa wenyewe waliruhusiwa kupita siku ya kikao tu, wakisindikizwa na Mshika Kamba, na kurudi na kile tu kilichoenea mfukoni. Gwandu alikuwa akirudi na muhogo mkavu.

"Na mimi?" Anandumi akauliza. "Binti yangu yuko pale. Nimemletea mtori."

"Wewe huna miguu ndani ya hili shauri, mama," Mshika Kamba akamjibu. Alikuwa jitu la miraba minne, sauti yake laini kama ya mhudumu wa kanisa. "Andika ombi, litasikilizwa. Na kwa sheria, mgeni aliyezuiwa na shauri hulala kwa aliye karibu."

Aliye karibu alikuwa Bi Tamasha. Basi Anandumi, na ndizi zake, akalala nyumbani kwa mtu anayemshitaki mkwe wake.

Na mnajua nini? Alitunzwa. Bi Tamasha alimpa kitanda chake yeye akalala mkekani, na kwa kuwa jiko lilikuwa limekwenda na shauri, alipika chumbani, moshi umewajaa machoni wote wawili. Hakuwa na mume tena, wala hakuwahi kuzaa. Alikuwa na kapu la karatasi za shauri, akalifungua jioni ya kwanza na kumwonyesha mgeni moja moja.

"Hii ya kikao cha kwanza. Tazama lilivyokuwa dogo. Hii nililia, tulishindwa. Hii ndiyo ya siku waliyolisoma jina langu mbele ya watu mia mbili: Bi Tamasha binti Sudi. Tangu mume wangu afe hakuna aliyekuwa amelitamka lote."

Mtoto akalia ng'ambo. Sauti ndogo ikavuka magugu, ikaingia dirishani. Bi Tamasha akaacha karatasi, akaenda dirishani, akaanza kuimba wimbo wa kubembeleza, kwa sauti ya chini, mpaka kule kukanyamaza.

"Unamjua?" Anandumi akauliza.

"Sijamwona. Lakini nimefungua dai juu ya hicho kilio," Bi Tamasha akasema, akirudi kwenye kapu. "Kinaanguka uani kwangu kila siku. Kinachoanguka uani kwangu ni changu."

"Dai la kilio!"

"Na mkwe wako naye amefungua dai juu ya wimbo. Anasema nimeutuma kwa mtoto wake, kwa hiyo ni wao. Mjanja yule." Akacheka, hana meno ya mbele. "Tutaonana barazani."

Kesho yake saa sita, Anandumi akasimama kwenye kamba nyekundu akaita. Ndeskoi akatoka kwenye baraza la nyumba yao, kitenge kinamning'inia. Alikuwa amekonda, mabega yametoka.

"Mama!"

"Mwanangu! Mbona hivyo? Unakula nini?"

"Muhogo, mama. Maziwa yanakauka. Ananyonya, analia, ananyonya, analia."

"Na mumeo?"

"Anaandika utetezi."

Kabla hawajamaliza, vivuli vikaanza kutoka chini ya miti, na Mshika Kamba akawaomba radhi wote wawili, kwa upole uleule, kwamba muda umekwisha.

Baraza likakaa siku ya tatu. Hakimu alikuwa mtu mwema mwenye mafua, aliyemuulizia kila mmoja shauri lake kama anaulizia wagonjwa. Mambo yalikuwa matatu: kilio, wimbo, na ombi la Anandumi la kupita.

Kilio kiliahirishwa, kwa sababu mtoto hakuletwa kutoa sampuli. Wimbo uliimbwa mbele ya baraza na Bi Tamasha mwenyewe, makarani wawili wakasinzia, ikaandikwa kwamba unafanya kazi. Kisha likaja ombi.

"Swali," akasema mshauri wa kwanza wa baraza, bwana mwenye miwani mbili, moja puani na moja kipajini, "ni kama huyu mama ataingia katika eneo, au atapita tu. Kuingia ni kosa. Kupita hatujawahi kukuamua."

"Hapiti mtu bila kuweka mguu chini," akasema wa pili. "Lakini mguu ulioko juu hauko katika ardhi ya mtu. Napendekeza apite pasipo kuuweka chini."

"Miguu yote miwili?"

"Mmoja mmoja."

Wakalijadili hilo kwa muda mrefu sana, tena kwa akili nyingi. Mmoja akasimama kuonyesha, akaanguka, wakamwinua kwa heshima. Anandumi akashindwa kuvumilia.

"Mheshimiwa hakimu, yule mtoto ana siku kumi na mbili. Mama yake hana maziwa. Hapa nina ndizi zinaiva, nina samli. Ni hatua hamsini tu!"

"Siku kumi na mbili," hakimu akasema, akatabasamu na kupenga kamasi. "Hongera sana, bibi. Na amebahatika, amezaliwa tayari ana shauri. Wengine huanza maisha mikono mitupu." Akaandika. "Ombi litasikilizwa baada ya mvua. Na kwa kuwa tumeketi, Mshika Kamba aongeze hatua, huku moja, kule moja."

"Mheshimiwa," Gwandu akasema, akiwa amesimama upande wa mdaiwa, kijana mwembamba mwenye wino vidoleni. Ndiyo mara ya kwanza Anandumi kuisikia sauti yake tangu afike. "Hatua hiyo inamaliza baraza la nyumba yangu. Itakayofuata inaingia mlangoni. Kitanda cha mzazi kiko nyuma ya mlango."

"Basi kikao kijacho mzazi na mtoto watakuwa sehemu ya eneo," hakimu akasema. "Hawataguswa na mtu. Watakuwa salama kabisa."

Baraza zima likapiga makofi. Bi Tamasha peke yake hakupiga. Anandumi alimwona amekaa, kapu magotini, anatazama mbele.

Jioni ile kapu halikufunguliwa. Mtoto alipolia, Bi Tamasha akaenda dirishani kama kawaida, akafungua mdomo, wimbo haukutoka.

Saa tano asubuhi iliyofuata Anandumi akaenda kukaa kando ya kamba, akalitazama lile sale lenye kibati. Karani mmoja wa mipaka alikuwa akipita kuhesabu.

"Bwana karani, hili ni sale?"

"Ni mpaka namba mia tatu na kumi na moja."

"Najua. Kwetu pia masale ni mpaka. Na kingine?"

"Kingine kipi?"

"Mkikoseana, mnalifanyia nini?"

Karani akafikiri kwa bidii. "Mama, haliguswi. Zamani watu walibishana mti ulipokauka na kupandwa upya, kwa hiyo sheria ikasema mpaka ni pale kibati kilipo, siyo pale mti ulipo. Na anayegusa adhabu yake ni kubwa kuliko zote. Ananyimwa shauri maisha yake yote."

"Basi?"

"Basi! Unaona ni ndogo?" Karani akasisimkwa mwili mzima.

Anandumi alikuwa anakumbuka kitu ambacho kila mtoto wa mlimani anakijua, ambacho hata yeye alikuwa amekipitia asubuhi ile ya safari bila kukitazama. Kwetu, aliyekosa huchuma jani la sale, akalifunga fundo, akaenda nalo kwa aliyemkosea. Haendi na maelezo. Na aliyeletewa hawezi kulikataa, hata kama roho inamuuma. Babu zetu hawakuwa wajinga kupanda mti wa msamaha juu ya mpaka. Waliuweka pale patakapohitajika.

Saa sita ilipofika, vivuli vikarudi kwa wenyewe na watu wakatoka kusalimiana. Anandumi akainama, akapita chini ya kamba nyekundu.

"Mama!" Mshika Kamba akapiga ukelele. "Mama, unakanyaga shauri!"

Akayapasua magugu, mbigili zinamchana miguu, akalifikia sale, akalivunja lile jani la katikati, na kibati chake kikaja nalo. Kilio kilichotoka kwa watu pale utadhani wamefiwa. Akarudi, analifunga fundo huku anatembea, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Bi Tamasha, akapiga magoti, akalishika kwa mikono miwili.

"Bi Tamasha binti Sudi," akasema. "Wanangu wamekukosea. Sijui ni kwa kidole au kwa nini, wala siulizi. Naomba mimi, mama yao."

"Nifanye nini nalo?" Bi Tamasha akauliza.

"Ulipokee tu. Likishapokelewa, maneno yamekwisha."

"Yamekwisha." Kikongwe akalitazama jani. "Unasema kirahisi. Wewe una watoto wa kukuita. Mimi miaka sita nimelilea hili shauri. Siku ya kikao navaa kilemba. Nikilitoa, nabaki na nini mimi? Nani atalisoma jina langu?"

Anandumi hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Na hapo, ng'ambo ya magugu, mtoto akaanza kulia.

Bi Tamasha akasikiliza. Uso ukamlegea.

"Ana jina?" akauliza.

"Bado. Kwetu bibi ndiye hutoa jina, naye awe amembeba mkononi."

Mkono wa Bi Tamasha ukatoka ndani ya kanga, polepole, ukalipokea jani.

Mshika Kamba akafika anahema, na nyuma yake hakimu na washauri, maana saa sita kila mtu yuko nje. "Amevunja mpaka! Wote mmeona!"

"Nimeona," hakimu akasema, akamtazama Anandumi kwa masikitiko ya kweli. "Bibi, huna budi kunyimwa shauri katika nchi hii maisha yako yote. Unaelewa?"

"Naelewa, mheshimiwa."

"Pole sana. Sasa kamba irudishwe kwenye mpaka, tuendelee." Akageuka kutafuta kibati. "Mpaka uko wapi?"

Mshauri wa miwani mbili akasogea, akainama juu ya mkono wa Bi Tamasha, akasoma namba, akashusha miwani ya kipajini akasoma tena.

"Mheshimiwa, mpaka ni pale kibati kilipo. Kibati kiko mkononi mwa mdai."

"Basi mdai akirudishe."

"Hawezi kukigusa ili akirudishe. Adhabu."

"Lakini ameshakigusa!"

"Hakukigusa, mheshimiwa. Alipokea. Kupokea hatujawahi kukuamua."

Hakimu akapenga kamasi. Aliijua sheria, na aliipenda. "Kwa hiyo kisheria, Bi Tamasha akisimama hapa, mpaka uko hapa?"

"Ndiyo."

"Na akitembea?"

Mshauri wa pili akasema, taratibu, kama mtu anayehofia maneno yake mwenyewe, "Unatembea naye."

Bi Tamasha alikuwa na masikio mazuri kuliko meno. Akanyanyua jani juu kama bendera, akarekebisha kilemba. "Mama Ndeskoi," akasema, "chukua ndizi zako. Pita upande wangu huu wa kushoto, huku ni kwa mkwe wako. Na wewe Mshika Kamba pita kulia, huko ni kwangu, nimekuruhusu. Usinikanyagie muhogo."

"Bibi, hapa hakuna muhogo, ni magugu."

"Utakuwepo."

Wakaingia kwenye magugu. Bi Tamasha mbele, jani mkononi, Anandumi kushoto kwake na kibuyu cha samli, Mshika Kamba kulia akikusanya kamba nyekundu mkononi kama mwanamke anayekunja uzi, maana kila hatua ya kikongwe mpaka ulihama na kamba haikuwa na pa kukaa. Walipita jiko lililoporomoka. Bi Tamasha akasimama kidogo, akalitazama, akaendelea. Walipita kisima. Walipofika barazani kwa Gwandu, Gwandu alikuwa amesimama mlangoni na kalamu yake.

"Ng'atuka, wewe mdaiwa," Bi Tamasha akamwambia. "Mpaka unaingia ndani."

Na ukaingia, wanangu. Ukapita sebuleni, ukafika kitandani, ukakaa ukingoni, na Ndeskoi akauwekea mtoto mikononi. Mtoto akalishika jani la sale, akalipeleka mdomoni. Mtori uliinjikwa palepale. Wa kwanza alikula Ndeskoi, wa pili Gwandu, aliyelia ndani ya bakuli huku akisingizia pilipili, na mtori hauna pilipili. Nje, Mshika Kamba aliketi kwenye ngazi na rundo la kamba, akaletewa bakuli lake.

Jina alilotoa Bi Tamasha lilikuwa Sudi la baba yake, halafu akaambiwa ni mtoto wa kike, akasema anajua, na atakayelipinga aende barazani.

Nisiwadanganye kwamba nchi nzima iligeuka. Wengi walisema kikongwe ameharibikiwa, ametupa mali ya miaka sita. Baraza linakaa mpaka leo kuamua kupokea ni nini. Ila Anandumi alipokuwa akipita asubuhi kwenda kuteka maji kwenye kile kisima, alianza kuona masale fulani fulani mipakani yamepungukiwa na jani la katikati.

Ndeskoi alipong'aa mashavu, miezi mitatu ilipotimia, Anandumi akaaga. Mlangoni mwa nchi yule bwana wa aproni akamrudishia kifurushi chake cha karatasi. "Udongo wako, mama. Hakikisha."

Akakifungua. Udongo wa mguu wa kulia na wa kushoto ulikuwa umekaa pamoja, mweusi wote, wa mfereji mmoja. Aliutazama, asijue upi ni wake na upi ni wa Mama Kundaeli. Akaufunga.

Nyumbani Elisaria alimpokea barabarani, amefurahi, amechukua mzigo. "Mama! Nilifanya ulivyoniagiza. Baraza limekaa mara mbili. Walikuja kupima, wakasema ile sehemu isilimwe na mtu huku wala kule mpaka uamuzi. Na Mama Kundaeli ameleta mashahidi, na mimi nimeleta wangu. Shauri lako linakua, mama!"

Anandumi akasimama katikati ya njia.

Hakwenda nyumbani. Aliteremka mfereji na nguo zake za safari. Magugu yalikuwa yameshaota, huku na kule, yanafika magotini. Akayapita. Akachuma jani, akalifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena, jambo asilolifanya Hapapangu, maana kule aliomba kwa makosa ya watu. Akasimama mlangoni.

"Hodi."

Kikohozi ndani.

"Nani?"

"Mimi. Mama Elisaria."

"Umepita wapi?"

"Nimepita palepale."

Mlango ukafunguliwa. Mama Kundaeli alikuwa amezeeka kidogo kwa miezi ile, au labda Anandumi ndiye aliyekuwa hajamtazama kwa muda mrefu. Alilitazama jani, akatazama kifurushi cha karatasi.

"Hicho nini?"

"Udongo. Niliondoka nao miguuni. Sehemu yake ni yako, ila nimeshindwa kuuchambua."

Mama Kundaeli hakugusa kifurushi. Alilipokea jani kwa mikono miwili.

"Huyo Elisaria mwambie aje hapa leo," akasema. "Nataka nimwone usoni huyo mdai niliyemnyonyesha."

"Atakuja."

"Na huo udongo umwage hapo mlangoni," Mama Kundaeli akasema, akigeuka kwenda kuweka chai jikoni. "Tutaukanyaga tukipita."